Baa ya shokola ina nini ndani? Tumeisoma karatasi yake pamoja

Siku ya posho iliyopita tulikuwa tunahesabu pesa za likelemba wakati mama mmoja wa kikundi chetu alipofika, mtoto wake wa miaka mitatu akiwa mgongoni. Mtoto alishika baa ya shokola, ile yenye karanga ndani, nusu imeliwa, nusu imeyeyuka kwenye vidole na kwenye kitenge cha mama yake. Mmoja wetu akauliza kama mtoto amekunywa uji. Mama akajibu: «Uji hataki, leo ni siku ya nne. Nampa hii. Ina karanga na maziwa, angalieni picha hapa. Inaleta nguvu, ni kama ile Plumpy ya kituo cha afya.»

Hakuna aliyecheka, maana wengi wetu tumeshafanya hivyo hivyo. Baba akitoka Kinshasa na ndege, analeta baa mbili tatu mfukoni. Shangazi akipita butikeni, ananunulia watoto wa kaka yake. Kitu kinang'aa, kina bei, kimetoka mbali. Ni vigumu kuamini kwamba kinaweza kupitwa na kikombe cha karanga za kwetu. Basi tukaweka likelemba pembeni, tukaiomba ile karatasi, tukaifuta, na yule kati yetu aliyezoea Kifaransa cha herufi ndogo akavaa miwani.

Jina la baa ile hatuliandiki, kwa sababu za aina hiyo ni nyingi. Ukizipanga kwenye meza, Snickers, Mars, Twix na zile za bei nafuu zinazoziiga, hesabu zake hazipishani sana.

Karatasi ina sehemu mbili za kusoma. Ya kwanza inaanza na neno «Ingrédients», yaani vitu vilivyochanganywa. Vinapangwa kwa uzito: kilicho kingi zaidi kinaandikwa kwanza, kilicho kidogo kinaandikwa mwisho. Kwenye baa yetu sukari ilikuwa ya kwanza. Ya pili ilikuwa «sirop de glucose», ambayo nayo ni sukari, ila imevaa nguo nyingine. Karanga zilikuja za tatu, maziwa ya unga ya nne. Lakini kwenye picha ya mbele ni nini kilichochorwa? Karanga na maziwa. Hakuna anayechora kilima cha sukari. Mkisoma karatasi nyingine mtakutana na «dextrose», «sirop de maïs», «sucre inverti», «miel». Yote hayo yahesabuni upande wa sukari.

Sehemu ya pili ni jedwali la «Valeurs nutritionnelles», na hapo kuna mtego. Safu moja inasema «pour 100 g», nyingine inasema «par portion», na portion si lazima iwe pakiti nzima. Kwenye pakiti za vijiti viwili, mara nyingi portion ni kijiti kimoja. Nani kati ya watoto wetu anakula kijiti kimoja akamwekea mdogo wake cha pili? Kwa hiyo tafuta kwanza uzito ulioandikwa kwenye pakiti. Yetu ilikuwa ya gramu 50, tukachukua safu ya gramu 100 na kuigawa kwa mbili. Tulipata, kwa kukadiria, kalori 245; mafuta gramu 12, na 4 kati ya hizo ni mafuta ya kuganda, yale yanayoandikwa «acides gras saturés»; sukari gramu 25; protini gramu 4; chumvi kidogo tu.

Namba za gramu hazisemi kitu mpaka uzione. Tukaleta sahani, mfuko wa sukari na kijiko kidogo cha chai. Kijiko kilichosawazishwa kinabeba kama gramu 4. Tukahesabu: moja, mbili, mpaka sita, na punje chache juu yake. Mama mwenye mtoto akakiangalia kile kirundo, akasema: «Hii hata mimi mwenyewe kwenye chai siweki.» Nusu ya uzito wa baa ile ni sukari.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa shauri lake mwaka 2015, kwa wakubwa na kwa watoto: sukari inayoongezwa kwenye chakula isipite sehemu 10 kwa 100 ya kalori za siku, na ingekuwa vizuri zaidi kama haifiki sehemu 5. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji kama kalori 1.200 kwa siku. Kwake sehemu 10 ni gramu 30 za sukari, na sehemu 5 ni gramu 15. Tuwe wa haki: kiasi kidogo cha sukari ya baa kinatoka kwenye maziwa yenyewe, na hicho OMS haikihesabu. Hata tukikitoa, baa moja inakula karibu siku nzima ya mtoto, kabla ya chai ya asubuhi, kabla ya mandazi, kabla ya fanta ya siku ya yenga. Na mtoto aliyeshiba sukari saa nne hataki chakula saa saba. Tunamwita mtundu wa chakula, kumbe tumemshibisha sisi.

Hesabu iliyotushangaza zaidi ni nyingine. Wote tulikuwa tunaamini kwamba, hata kama sukari ni nyingi, walau baa «inaleta nguvu». Tukalinganisha na gramu 50 za karanga tupu zilizokaangwa, uzito ule ule. Karanga zina kalori karibu 290, protini gramu 12 au 13, na sukari gramu 2 hivi. Soma tena: karanga zinaipita baa kwa nguvu yenyewe, zinaipita mara tatu kwa protini, na sukari hamna. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji kama gramu 13 za protini kwa siku ili akue. Baa inampa 4. Konzi mbili za karanga zilizosagwa zinampa karibu zote.

Na kakao je? Kakao yenyewe si kitu kibaya. Ina chuma na magnesiamu. Shida ni kwamba katika baa ya namna hii kakao ni kidogo. Kwa sheria za Ulaya, shokola ya maziwa inatakiwa iwe na kakao angalau sehemu 25 kwa 100, na shokola nyeusi 35. Zaidi ya hapo, katika baa yenye karanga na karameli, shokola ni ganda la nje tu. Zile zilizoandikwa «goût chocolat» ziko chini zaidi: unga kidogo wa kakao, mafuta ya mimea badala ya mafuta ya kakao, na sukari. Inatuuma kidogo kuandika haya, kwa sababu kakao inalimwa hapa hapa Congo. Wamama wa Beni na wa Mambasa wanaivunja, wanaianika, inaingia kwenye magunia, inapita Uganda, inakwenda mbali, halafu inaturudia imefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Afadhali sasa Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, wanatengeneza shokola ya Virunga palepale inapolimwa. Lakini hiyo nayo ni shokola, ina sukari yake. Kwa mtoto mdogo hesabu ni ile ile.

Sasa tufike kwenye neno lililotushtua siku ile: «ni kama Plumpy».

Tunaelewa linatoka wapi. Plumpy'Nut ni tamu, ni ya karanga, iko kwenye sasheti inayong'aa, watoto wanaipenda. Hata historia yake iko karibu na shokola. Katika miaka ya 1990 daktari Mfaransa, André Briend, alikuwa anatafuta chakula cha kutibu watoto waliokonda sana, kisichohitaji kupikwa wala kuchanganywa na maji, kwa sababu maziwa ya kutibu yakikorogwa na maji machafu yanaleta kuhara. Wazo lilimjia kutoka kwenye Nutella, ile ya kupaka kwenye mkate. Pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset walichukua karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, mafuta na sukari, wakatia ndani vitamini na madini ambayo mwili wa mtoto mgonjwa umepoteza. Kwa hiyo ndiyo, sukari imo, na karanga imo.

Lakini undugu unaishia hapo. Sasheti moja ni gramu 92 na ina kalori 500. Protini yake ni kama gramu 12 au 13, na sehemu yake kubwa inatoka kwenye maziwa. Ina chuma, zinki, potasiamu, vitamini A na nyingine nyingi, kila moja kwa kipimo. Baa ya shokola haina kipimo cha namna hiyo. Ilitengenezwa iwe tamu na inunuliwe. Mtoto aliyekonda akila baa, anapata moto wa kuwaka saa moja, lakini nyumba haijengwi. Na mtoto mwenye bwaki, yule anayevimba miguu na nywele zikageuka rangi, anaweza hata kuonekana mnene, tukafurahi kwamba shokola imemnenepesha, kumbe ni maji.

Basi mama akiona mtoto amekonda, asianze na butike wala asianze na Plumpy ya kuomba kwa jirani. Kuna mkanda wa kupima mkono, na mareko wa kartie wanao. Haichukui hata dakika mbili. Kwa mtoto kuanzia miezi sita mpaka miaka mitano, mkono ukiwa na mzunguko wa chini ya milimita 115 ni rangi nyekundu, hatari. Kati ya 115 na 125 ni manjano, mtoto anakwenda huko. Kuanzia 125 ni kijani. Miguu ikivimba yote miwili, usingoje mkanda useme nini; nenda leo. Plumpy'Nut inatolewa bure, kwa hesabu ya uzito wa mtoto, na ni dawa ya yule mmoja aliyeandikiwa. Tunajua ilivyo vigumu kumpa mmoja wakati wengine watatu wanaangalia. Mpe akiwa peke yake, na maji safi ya kunywa pembeni, na wale wengine wawekee karanga.

Pesa ya baa ile ile tuliikusanya sisi wenyewe, tukamtuma msichana mmoja sokoni. Alirudi na mayai mawili, kikombe cha karanga na chane ndogo ya ndizi za kuiva. Yai moja lina gramu 6 za protini, kwa hiyo mayai mawili peke yake yanaipita baa mara tatu. Bei zinapanda na kushuka kila treni ikichelewa kutoka Kongolo, tunajua, lakini jaribuni hesabu hiyo wenyewe kwenye soko lenu, hata nyinyi wa Alunguli mnaovuka mto.

Uji ndipo mahali pa kuweka hizo karanga. Uji wa muhogo peke yake unajaza tumbo na kuliacha tupu, sote tumekua nao. Chukua kikombe cha uji wa muhindi au wa mchele, tia kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa laini na kijiko kidogo cha mawese. Mawese yawe mekundu. Ule wekundu ndio mwili unaugeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kupigana na magonjwa. Ukiyachemsha mpaka yageuke meupe, umeitupa. Kama kuna ndakala, kausha, saga na vichwa vyake vyote, tia nusu kijiko. Kwenye uji wa mtoto zaidi ya hapo harufu inamkimbiza. Mwenye soya aikaange vizuri kabla ya kuisaga, kwa sababu soya mbichi inasumbua tumbo. Mbinzo wakati wake ukifika, zile za kukauka zina protini zaidi ya nusu ya uzito wake. Bibi zetu hawakusoma jedwali lolote na walijua. Na sombe iliyopikwa na karanga, mtoto wa mwaka mmoja anaila vizuri ikitwangwa laini.

Karanga nazo zina masharti mawili. Mtoto chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, inaweza kuingia kwenye njia ya pumzi, saga. La pili ni ukungu. Karanga iliyokunjamana, iliyogeuka rangi au yenye uchungu, itupe, usiikaange ukidhani moto umeiponya. Ukungu huo unaacha sumu inayoitwa aflatoksini, inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Sisi wenye mvua nyingi tunatakiwa kuanika karanga vizuri na kuziweka juu, mbali na udongo.

Mtoto ambaye hajafikisha miezi sita ni ziwa la mama tu. Chini ya miaka miwili, shokola haina kazi kwake hata kidogo: ziwa liendelee, na uji kama tulivyosema.

Je, tunakataza shokola? Hapana, na wala hatungeweza, baba zao wapo. Baa ya gramu 50 ikikatwa vipande vitano kwa watoto watano, baada ya kula, siku ya sikukuu, kila mmoja anapata gramu 5 za sukari, kijiko kimoja na kidogo, na furaha ni ile ile. Baada ya hapo wasukutue mdomo, kwa sababu karameli inashika kwenye meno na kukaa. Kinachoharibu ni kuiweka mahali pa uji.

Wawili waliuliza kuhusu weupe unaotokea juu ya shokola, kama unga. Huo kwa kawaida si ukungu. Mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye joto la kama digri 34, na kwa jua la Kindu, baa iliyolala kwenye sanduku la butike inayeyuka mchana na kuganda usiku. Mafuta yanapanda juu na kuacha weupe. Haidhuru, ladha tu imepungua. Lakini unajua sasa kwamba baa hiyo imekaa sana, kwa hiyo geuza pakiti utafute tarehe. «À consommer de préférence avant» maana yake baada ya siku hiyo uzuri unapungua. «À consommer jusqu'au» ni onyo: ikipita, usile. Tarehe ikiwa imekwanguliwa, rudisha.

Turudi kwa mtoto wetu. Jirani mmoja alikuwa na mkanda nyumbani, tukampima palepale: manjano. Siku hiyo hiyo mama alimpeleka kwenye kituo cha afya, nasi wawili tukamsindikiza. Walimpima damu, wakakuta malaria. Ndiyo maana uji ulimshinda. Homa ilikuwa ya usiku, ndogo, na kila asubuhi baa ilimchangamsha kwa muda, mama akadhani mtoto anapona. Siku nne. Alipewa dawa, na munganga akasema arudishwe kila juma apimwe mkono. Jana jioni tulipita kwake. Alikuwa anakula uji wenye mawese, kwa hasira, na kijiko hakutaki tumshikie.

Siku ya posho inayokuja tutasoma karatasi za biskwiti na za maziwa ya unga, hasa zile za maziwa ambazo si maziwa. Msizitupe pakiti mlizonazo nyumbani. Zipangusieni, mje nazo. Na mwenye mkanda wa kupimia auje nao, watoto wote watapimwa kabla hatujaanza kuhesabu likelemba.